Mwashoki na Namna ya Kuupogoa

Mwashoki ni mti mrefu na mwembamba ambao matawi yake huelekea chini tangu yanapotoka kwenye shina. Majani hulaliana kama makuti ya paa, hata shina lenyewe lisionekane. Mjini Mwanza wengi huuita ashok, na hauhitaji kutafutwa: umesimama kando ya kuta za nyumba, kwenye viwanja vya shule, makanisani, misikitini na kwenye mahoteli. Katika kata ya Igogo, Wilaya ya Nyamagana, nyumba zimepanda kilima hadi katikati ya mawe makubwa, na uwanja wa nyumba mara nyingi ni kipande cha udongo kilichobanwa na jiwe upande mmoja na ukuta wa jirani upande mwingine. Mwembe hapo ungehitaji nafasi ambayo haipo. Mwashoki husimama ndani ya upana wa mita mbili na bado ukawa mti kamili wenye uzuri wake. Makosa ya kuukata huanzia hapohapo, kwa kuwa anayeitwa kuukata huja na panga na mazoea aliyoyapata kwenye mwembe na mjohoro, miti inayostahimili karibu kila kitu.

Asili ya mwashoki ni kusini mwa India na Sri Lanka. Vitabu vingi bado vinautaja kwa jina la kitaalamu la Polyalthia longifolia, ingawa mwaka 2012 wataalamu wa mimea waliuhamishia katika jenasi nyingine na sasa unaitwa Monoon longifolium. Uko katika familia moja na mstafeli na mtopetope. Undugu huo unaonekana kwenye maua yake, ambayo ni madogo, ya kijani kilichopauka, yenye petali nyembamba zilizojipinda, na ni rahisi mtu kupita chini yake bila kuyaona. Hudumu wiki chache tu. Baada yake huja vichala vya matunda madogo yanayogeuka kuwa ya zambarau iliyokoza hadi nyeusi, na popo na ndege huyala na kuzitawanya mbegu. Jina la ashok limeazimwa. Ashok wa kweli, unaoheshimiwa na Wahindu na Wabuddha, ni mti mwingine wenye maua ya rangi ya chungwa, Saraca asoca. Waingereza nao waliuita mwashoki mti wa mlingoti, kwa sababu shina lake lililonyooka lilitumiwa kutengeneza milingoti ya majahazi, na mtu aliyekulia ufukoni mwa Ziwa Victoria akikiona kilele cha mwashoki mkomavu ataelewa mara moja kwa nini.

Kupogoa mti wenye matawi yanayoinama ni kazi tofauti na kupogoa mti wa kawaida. Katika mti wa kawaida mkataji huangalia tawi linakoelekea, akalipunguza ili mwanga uingie au tunda likue. Katika mti unaoinama, mwinamo wenyewe ndio umbo, na umbo hilo huishia kwenye ncha za matawi. Ncha zikikatwa kwa usawa, kama mtu anayenyoa nywele kwa kufuata bakuli, tawi hutoa vichipukizi vifupi vingi pale lilipokatwa, pazia la majani likageuka ufagio, na mti ukapoteza kile kilichofanya upandwe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba tawi lisilotakiwa huondolewa lote, kuanzia lilikotoka, na tawi linalotakiwa huachwa na ncha yake.

Kanuni hiyo inajulikana hata kwa miti ya mbali. Nchini Japani kuna micheri ya mapambo ambayo matawi yake huinama hadi karibu na ardhi na kufunikwa na maua ya rangi ya waridi majira ya baridi yanapokwisha. Mmoja wao, ulioko Miharu katika mkoa wa Fukushima, unakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000, na tangu mwaka 1922 umewekwa chini ya ulinzi wa taifa kama kumbukumbu ya asili. Mingi ya micheri ya aina hiyo inayouzwa kwenye bustani za miche hutengenezwa kwa kubebesha: kikonyo cha mcheri unaoinama hupachikwa juu ya shina la mcheri mwingine ulionyooka. Shina hilo la chini halisahau asili yake. Kila mara hutoa vichipukizi vinavyopanda wima, na mtunzaji asipoviondoa, baada ya miaka michache upande ulionyooka huushinda ule unaoinama. Mcheri wa namna hiyo haufai Mwanza, kwani unahitaji wiki nyingi za baridi kali ili utoe maua, ilhali jiji hili liko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na usawa wa ziwa ni mita 1,134 hivi juu ya bahari. Mwashoki hauna shida ya kubebeshwa. Huota kwa mbegu, na kila chipukizi ni chake wenyewe. Hata hivyo, mtu anayeweka mwashoki getini anatafuta kitu kilekile ambacho Mjapani anakipenda kwenye mcheri wake, nacho ni mstari wa tawi linaloteremka bila kukatizwa.

Ukaguzi huanza kwa kuufunua mti. Mkono unapoingizwa kwenye pazia la majani na kulisogeza pembeni, ndani huonekana mti wa pili, mkavu na wenye kiza: vijiti vilivyokufa kwa kukosa jua, majani makavu yaliyonaswa, utando wa buibui, na mara nyingi kiota. Nyigu hupenda sana mahali hapo, na nyuki nao wakati mwingine. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu huupiga mti kwa fimbo ndefu akiwa mbali, akasikiliza kwa dakika moja au mbili kabla ya kuweka ngazi. Kiota cha ndege chenye mayai au makinda huachwa mpaka makinda yaruke, maana hakuna tawi la mwashoki lenye haraka ya kiasi hicho.

Vijiti vikavu vya ndani ndivyo vya kwanza kuondolewa. Huvunjika kwa mkono au hukatwa kwa mkasi wa kupogolea, na kuviondoa hakuugharimu mti chochote kwa kuwa havikuwa vikiulisha. Kazi hiyo peke yake, ikifanywa kila mwaka, huiacha miashoki mingi ya Igogo katika hali nzuri bila tawi bichi hata moja kuguswa. Pia huruhusu hewa kupita, na baada ya mvua kubwa majani hukauka upesi, jambo linalozuia ukungu kushika.

Baada ya hapo hutazamwa matawi yaliyovunjika, yenye ugonjwa, na yanayozuia njia. Malalamiko ya kawaida ni haya ya mwisho. Mwashoki ulipandwa mita moja kutoka getini ukiwa mche wa kufika kiunoni, sasa matawi ya chini yanafagia ardhi, na anayeingia na ndoo ya maji kichwani hulazimika kuyakwepa. Jibu la haraka ni kuyakata yote hadi urefu wa mtu, na matokeo yake ni nguzo tupu iliyobeba kofia ya majani. Ni afadhali kuinua pindo la mti pole pole. Kila mwaka huondolewa matawi machache ya chini kabisa, yale tu yanayogusa njia, na yale ya upande wa ukuta yakaachwa. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa miti, majani mabichi yanayoondolewa kwa mwaka mmoja yasizidi robo ya majani yote. Kwa miti ya Igogo ni busara kubaki chini ya kipimo hicho. Udongo wa vilima hivyo ni mchanga uliotokana na mawe ya graniti, umejikusanya kwenye mashimo na nyufa, haushiki maji kwa muda mrefu, na mizizi haina pa kwenda. Mti wenye ardhi finyu hivyo hauna akiba kubwa ya kufidia majani uliyonyang'anywa.

Mkato wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo mti huokolewa au huharibiwa. Tawi linapoungana na shina pana uvimbe mdogo, kama mkunjo wa kola ya shati kuzunguka shingo. Kwenye mwashoki uvimbe huo ni mwembamba, lakini kidole kikipitishwa juu ya tawi kuelekea shinani kitauhisi: gome linaanza kukunjamana, kisha linapanda kidogo. Uvimbe huo, shingo ya tawi, ni sehemu ya shina na si sehemu ya tawi. Msumeno hupita nje yake kidogo tu. Ukikata ndani yake, umelijeruhi shina, na jeraha litakuwa kubwa kuliko lile lililohitajika. Ukikata mbali, ukaacha kigingi cha urefu wa kiganja, kigingi kitakufa, kitaoza, na uozo utafuata mbao zake hadi ndani ya shina.

Tawi nene kuliko kidole gumba halikatwi kwa mkato mmoja. Matawi ya mwashoki tayari yanavuta kuelekea chini kwa uzito wake, na msumeno unapofika katikati, tawi hukatika ghafla na kuchana gome la shina kwenda chini kama ganda la ndizi. Kwa hiyo hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza hufanywa kwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, ukaingia theluthi moja ya unene. Wa pili hufanywa kwa juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea ncha, na tawi huanguka bila kuchana kitu kwa sababu mpasuko hukutana na mkato wa chini na kuishia hapo. Kilichobaki ni kigingi chepesi kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukikata mara ya tatu, nje kidogo ya shingo ya tawi. Dakika mbili zinazoongezeka kwa njia hii zinauepushia mti kidonda ambacho kingechukua miaka kufungwa.

Neno kufungwa limetumiwa kwa makusudi. Mbao za mti zilizojeruhiwa hazirudi kuwa nzima kama ngozi ya mtu. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno wa mashine ili kuona kinachotokea ndani ya majeraha ya zamani, na mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha maelezo yaliyobadilisha kazi ya kupogoa duniani kote. Alionyesha kwamba mti hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyojeruhiwa, ukaitenga pamoja na uozo wake, kisha ukaendelea kukua nje ya kuta hizo. Shingo ya tawi ndiyo yenye silaha za kujenga ukuta ulio imara zaidi. Kutokana na kazi hiyo imejulikana kwamba ule mtindo wa kupaka jeraha rangi ya mafuta, lami au oili chafu ya gari hauna faida. Rangi hunasa unyevu chini yake, na oili huua gome changa linalojaribu kufunika kidonda. Mkato safi huachwa wazi, ukauke kwa hewa.

Usafi wa mkato hutegemea chombo. Panga halikati tawi la mwashoki, hulipondaponda, na kila pigo lililokosa shabaha huacha alama kwenye shina. Mkasi wa kupogolea unatosha kwa vijiti vya unene wa kidole. Kwa vilivyo vinene zaidi, msumeno mdogo wa kupogolea wenye meno yanayokata wakati wa kuvuta ndio unaofaa, na hupatikana kwenye maduka ya pembejeo. Kabla ya kuhama kutoka mti hadi mti, chombo hufutwa kwa spiriti. Jiki iliyochanganywa na maji nayo hufanya kazi, lakini hula chuma, hivyo chombo kioshwe na kupakwa mafuta baadaye.

Wakati wa kukata hufuata mvua. Mwanza hupata vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na katikati ya mwaka ni kiangazi. Ukataji mkubwa unafaa mwishoni mwa kiangazi, Agosti ikielekea kwisha hadi Septemba. Hewa kavu hukausha majeraha, na wiki chache baadaye vuli huleta maji ya kuchipulia. Pia mti huwa umepunguzwa mzigo kabla ya pepo za ghafla zinazotangulia mvua kutoka ziwani. Kukata katikati ya masika ni kukaribisha ukungu kwenye kidonda kilicholowa. Kukata sana Juni au Julai huulazimisha mti kuanza machipukizi mapya wakati udongo unazidi kukauka. Vijiti vikavu na tawi lililovunjika haviko chini ya kalenda hii, na huondolewa siku yoyote.

Kilele ndicho chenye mgogoro mkubwa. Mwashoki mkomavu hufika mita 12 na kuzidi, na nguzo za umeme za mtaani ni fupi kuliko hapo. Mche uliopandwa chini ya waya utaufikia, na hilo ni suala la miaka tu. Tawi bichi lenye maji ndani yake hupitisha umeme, na ngazi ya alumini vilevile. Kwa hiyo mti uliokaribia waya haukwewi na mwenye nyumba wala kibarua. Shirika la umeme, TANESCO, huarifiwa, nalo lina mafundi wa kuzima na kusafisha njia ya umeme. Mti ulio ndani ya hifadhi ya barabara nao si wa mwenye nyumba aliye mkabala nao, hata kama ni yeye aliyeumwagilia. Ruhusa huombwa kwanza kwa mamlaka ya barabara au halmashauri ya jiji.

Mwashoki uliokatwa kilele haufi. Huchipua haraka, na hicho ndicho kinachowadanganya watu wakadhani hawakuudhuru. Chini ya mkato hutokea vichipukizi vitano, sita, wakati mwingine zaidi, vyote vikipanda wima na kushindana. Kila kimoja kimeshikilia gome la juujuu tu, hakikutoka ndani ya mbao kama tawi la asili. Baada ya miaka mitatu au minne mti una vilele vingi vizito juu ya gogo linalooza kwa ndani, na upepo wa ziwa hupata cha kuangusha. Ukataji wa kilele ulikusudiwa kupunguza hatari, na umeiongeza.

Mti wa namna hiyo waweza kurekebishwa ukiwahiwa. Vichipukizi vikifika urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, huchaguliwa kimoja chenye nguvu kilicho karibu zaidi na mkato. Hufungwa kwa kamba laini kwenye kipande cha mwanzi kilichosimamishwa kando ya shina, kikanyooka. Vingine hukatwa nusu mwaka huo na vilivyobaki mwaka unaofuata, ili mti usikose majani kwa mkupuo mmoja. Kigingi cha kilele cha zamani hukatwa kwa mshazari juu ya chipukizi kilichochaguliwa, maji ya mvua yasituame. Miaka michache baadaye huwa kumebaki kipindo kidogo kwenye shina, na kwa kuwa matawi ya mwashoki huteremka, kipindo hicho hufunikwa na majani ya juu yake. Mti wenye umbo jingine usingeweza kuficha kovu namna hiyo. Pale ambapo waya uko juu moja kwa moja, marekebisho hayo hayana maana, kwani kilele kipya kitaufikia waya uleule. Ni heri kuung'oa na kupanda mti mfupi.

Mti mfupi unaofaa, na ulio karibu zaidi na mcheri kwa tabia, ni ule wenye maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, Callistemon viminalis, uliotoka mashariki mwa Australia na ambao umezoea miji ya Tanzania. Matawi yake membamba huinama, na ndege aitwaye chozi hufika kufyonza utamu wa maua. Huo hupogolewa kwa njia tofauti kidogo. Ua lake hukaa kuzunguka kijiti, kisha kijiti huendelea kukua kupita ua, kikiacha nyuma vidonge vigumu vya mbegu vilivyong'ang'ania mbao. Kikiachwa miaka mingi, tawi huwa refu, tupu, lenye majani nchani tu. Kwa hiyo mara maua yanaponyauka, ncha hukatwa nyuma kidogo ya ua, na vijiti vipya hutokea hapo vikiwa vimebeba maua ya msimu ujao. Mkato usishuke hadi kwenye mbao kuukuu zisizo na jani, kwani mara nyingi hapo hauchipui tena. Huu ndio mti pekee kati ya hiyo miwili ambao ncha zake zinaguswa, na hata hapo hukatwa kimoja kimoja kwa mkasi, kila kijiti mahali pake, bila kusawazishwa.

Kinachoanguka kina kazi. Majani ya mwashoki ni magumu, yana nta, na hayaozi upesi, ndiyo sababu wengi huyachoma, moshi ukajaa kwenye vichochoro kati ya mawe. Yakikatwakatwa na kutandazwa kuzunguka mti kwa unene wa kiganja, bila kugusa shina, huzuia jua kukausha mchanga na huzuia maji ya mvua kuusomba kuteremka kilima. Matawi yaliyonyooka hutumika kushikilia nyanya na maharage. Mbegu zilizoiva, zikiokotwa chini ya mti na kupandwa siku hiyohiyo au zinazofuata kabla hazijakauka, huota. Mche wake wa kwanza husimama wima kabisa, na matawi huanza kuinama baadaye, urefu wake unapoongezeka.